Kidonda kimepona, maumivu yamebaki: mama hajifanyi

Mkuu uliyeandika kutoka Kasulu, pole sana na mama. Umeuliza kama inawezekana mguu uendelee kuuma miezi minane baada ya kidonda kufunga, eksirei haionyeshi kitu, na wajomba zako wameshaanza kusema dada yao anadeka. Inawezekana. Mimi yamenikuta.

Mimi ni mtu wa dagaa, Katonga hapa Kigoma. Usiku mmoja wa mwaka 2014 tulikuwa ziwani, taa zinawaka, wavu uko majini, upepo ukageuka. Chombo kikayumba, nikaangukia injini, ukingo wa bati ukanichana muundi. Sikuhisi. Wallahi sikuhisi kitu. Tulichota maji kwa ndoo na kumwaga mpaka alfajiri. Tuliposhuka mwaloni kijana wangu mmoja akaniambia, "Baba, kandambili yako imejaa damu." Nikainama, nikaona nyama imefunguka hadi weupe wa mfupa. Hapo ndipo maumivu yalipokuja, yote kwa mpigo, nikakaa chini mchangani.

Nilishonwa nyuzi 11. Wiki sita kidonda kikafunga vizuri, lakini mguu haukuacha kuuma. Mwaka ule nilikuwa na deni la injini na ada za watoto wawili. Mdai akipiga simu, mguu unaanza kuwaka kabla sijapokea. Zahanati moja wakaniambia, "Mzee, ni mawazo tu, kapumzike." Nilirudi nyumbani na aibu, nikaacha kumwambia mtu yeyote.

Aliyenitoa gizani ni shemeji yangu, anafanya kazi ya mazoezi ya viungo. Alinisimulia habari za mtafiti wa ubongo anayeitwa Huda Akil, mzaliwa wa Damascus, Syria, aliyesoma Beirut kisha akaenda Marekani. Akiwa bado mwanafunzi kule Los Angeles, yeye na wenzake walipitisha umeme kidogo ndani kabisa ya ubongo wa panya, na panya wakaacha kuhisi maumivu. Baadaye wakawapa naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya mofini (ile dawa kali ya kutuliza maumivu), na ile nafuu ikapungua. Hapo tulia kidogo. Panya hao hakuna aliyewapa mofini! Basi ubongo wenyewe ulikuwa ukitoa kitu cha jamii ile. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, Uskoti, wakazipata kemikali zenyewe. Mwaka 1977 Akil na wenzake wakaonyesha kwamba panya akipata msukosuko wa ghafla, kemikali hizo hupanda na maumivu hushuka. Lakini msukosuko huohuo ukirudiwa siku baada ya siku, kinga hiyo hufifia.

Nilinyamaza muda mrefu siku ile. Mambo yote mawili yalikuwa yamepita kwenye mguu wangu mmoja: ziwani hofu ilinipa dawa, nyumbani deni likaila. Sishangai kwamba Akil baadaye, Chuo Kikuu cha Michigan, alitumia miaka mingi kuchunguza msongo na sonona. Ni njia ileile, ameifuata mbele zaidi.

Kwa hiyo anayesema "ni mawazo" amegusa ukweli kidogo na kuutumia vibaya. Msongo unaingia kwenye maumivu, ndiyo, lakini unaingia kupitia ubongo na neva. Mama anaumwa kwelikweli.

Mimi lililonisaidia kwanza ni kwenda kwa mdai mwenyewe. Tukakubaliana nimlipe kila giza linapoisha, mbalamwezi inapoanza na sisi tumepumzika, badala ya kila wiki. Usingizi ukarudi. Kisha shemeji akanianzishia kutembea mchangani asubuhi, dakika kumi, akiongeza polepole hata siku mguu unapolalamika. Ilichukua karibu mwaka. Siku za baridi bado unauma, ila hauniamshi tena.

Kama mguu wa mama unavimba, unakufa ganzi, unaishiwa nguvu, au anapata homa, usisubiri mazoezi, mrudishe hospitali. Kama hayo hayapo, waombe wajomba wanyamaze, kisha muulize mama, mkiwa wawili tu, analala saa ngapi na nini kinamkosesha usingizi. Mimi hakuna aliyeniuliza hilo mpaka shemeji alipokuja. Akikujibu, rudi hapa utuambie.