Je, kutenganisha taka na kuacha kuchoma plastiki ni sehemu ya imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Nimeanza kutenganisha taka nyumbani na nimewakataza watoto kuchoma plastiki uani. Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema ninapoteza muda, kwa kuwa Petro ameandika dunia hii itateketea kwa moto, na kazi yetu ni kuokoa roho. Je, haya ni mambo ya imani au ni ya serikali tu?

JIBU: Amina, dada yangu.

Mumeo ameshika andiko la kweli, ila ameliachia njiani. 2 Petro 3:10 kweli inazungumzia moto. Lakini mstari wa 11 unauliza: kwa kuwa vitu hivi vitafumuliwa, imetupasa kuwa watu wa tabia gani katika mwenendo mtakatifu? Petro anautaja moto ili tujirekebishe, si ili tulegee. Na sidhani kama mzee wetu huacha kuziba bati linalovuja eti kwa sababu nalo litaungua.

Wengi wakiulizwa swali hili huanzia Mwanzo 2:15, Adamu alipowekwa Edeni ailime na kuitunza. Ni sawa. Mimi napenda kuanzia Kutoka 21:33-34, sheria ambayo haihubiriwi sana: mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Hakukusudia mabaya, alizembea tu, na Mungu anamdai. Sasa tazama moto wa uani. Hauna joto la kuimaliza plastiki. Hutoa sumu, ikiwemo dayoksini, na moshi haujui mpaka wa kiwanja. Unaingia kwa jirani mwenye mtoto wa pumu. Vivyo hivyo taka uliyoitupa mtaroni: masika yakifika, mtaro unaziba na maji yanaingia kwa mtu wa bondeni ambaye hata humjui. Kwa hiyo dada, unachofanya ni kumpenda jirani, na hiyo ni amri.

Serikali nayo imo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na Warumi 13 inatutaka tutii.

Kuhusu mkaa hukuuliza, lakini ndio unaowasumbua akina mama wengi. Usijione mwenye dhambi kwa sababu unapikia mkaa. Mkaa unauzwa kwa kopo; gesi inakudai fedha ya mtungi mzima siku moja. Mungu anaijua mifuko yetu. Hata hivyo mkaa wa Dar es Salaam ni miti ya Pwani, Morogoro na Lindi, na Kumbukumbu la Torati 20:19 linakataza kukata miti ya matunda hata wakati jeshi limeuzingira mji. Basi punguza unachoweza: loweka maharage tangu usiku, funika sufuria, tafuta jiko banifu, zima makaa yaliyobaki uyatumie kesho. Siku uwezo ukipatikana, hamia gesi bila kusitasita.

Chakula nacho. Katika Yohana 6:12, Yesu aliyetoka kulisha watu elfu tano kwa mikate mitano anaagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu. Mwenye uwezo wa kuzidisha mikate ndiye anayeokota mabaki! Halafu sisi kwenye sherehe za kipaimara na send-off tunamwaga pilau sinia kwa sinia. Hapo nadhani tunahitaji toba kuliko kwenye mkaa.

Nakuonya jambo moja: usimpige mumeo kwa Ufunuo 11:18, "waiharibuo nchi". Andiko lile linahusu mataifa yaliyomkasirikia Mungu; kulielekeza kwa mtu aliyechoma mfuko wa nailoni ni kulinyoosha kupita kiasi.

Wala msibishane mbele ya watoto. Mwombe achimbe shimo la mboji nyuma ya nyumba, mtie maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha, mkifukia kwa udongo kidogo kila mara. Kama uwanja ni mdogo, ndoo kuukuu yenye mfuniko, iliyotobolewa kitako, inatosha. Chupa za plastiki zisuuze, uziweke kando kwa ajili ya vijana wanaopita kuziokota. Wao huziuza kwa kilo.