Z80 iko hai ila terminali haionyeshi kitu: kagua pini 1 na 27

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimetengeneza kompyuta ya bodi moja kwa mara ya kwanza. Ina prosesa ya Z80, RAM ya 62256, chipu ya mawasiliano 68B50 na kristali ya 7.3728 MHz. Mchoro niliofuata ni wa zamani, wenye EPROM 27C256 (chipu ya kuhifadhia programu), ila mimi nimeweka EEPROM 28C256 kwa sababu haihitaji taa ya urujuanimno kuifuta. Bodi niliichora mwenyewe nikaagiza ichapwe China. Nikiwasha, terminali haionyeshi herufi hata moja. Taa niliyounga kati ya 5 V na pini ya WR (inayoshuka prosesa inapoandika) inawaka kwa ufifi muda wote. Ile ya HALT (ya kuonyesha prosesa imesimama) haiwaki kabisa. Nikigusa pini za data kwa kidole, mwanga wa taa ya WR unabadilika. Nimeshabadilisha Z80 mara tatu. Je, nimeuziwa chipu feki?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Acha kubadilisha Z80. Hizo tatu zitunze vizuri, maana mwaka 2024 Zilog, watengenezaji wake, ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Z84C00 (Z80 ya aina ya CMOS), na mtandaoni zinauzwa chipu kuukuu zilizofutwa maandishi yake zikapigwa mengine. Feki zipo, hilo ni kweli. Lakini chipu tatu zikifanya kosa lilelile kwenye bodi ileile, mshukiwa wa kwanza ni bodi.

Ushahidi tunaouhitaji umeshauandika wewe mwenyewe. Prosesa yako iko hai. Ingekuwa imekufa au imekosa saa (midundo ya kuiendesha), WR isingeshuka na kupanda, na taa yake isingewaka kwa ufifi huo. Kuna kitu inaandika, tena bila kupumzika. Tujiulize inaandika nini, na ni nani aliyeiagiza.

Z80 ikitoka kwenye riseti husoma anwani 0000 (anwani na baiti hapa naziandika kwa heksadesimali). Ikikuta FF pale, kwake hiyo ni amri halali kabisa, inaitwa RST 38h: hifadhi kwenye staki (eneo la kumbukumbu linalojazwa kuelekea chini) anwani ya kurudia, kisha ruka hadi 0038. Ikifika 0038 ikakuta FF nyingine, inahifadhi tena na kuruka palepale. Itazunguka hivyo hadi uzime umeme. Kila mzunguko unachukua midundo 11 ya saa, na ndani yake mna kuandika mara mbili kwenye kumbukumbu. WR inakuwa chini kwa takriban midundo 2 kati ya hiyo 11, basi taa yako inapata mwanga kidogo tu. Ya HALT haiwaki kwa kuwa amri ya HALT ni 76, nayo prosesa haijakutana nayo.

Sasa hiyo FF inatoka wapi, ilhali umeandika programu kwenye chipu? Hapa ndipo penye kisa chenyewe. 27C256 na 28C256 zote zina pini 28, zinaingia soketi ileile, na karibu pini zote zinalingana. Mbili hazilingani. Kwenye 27C256, pini 1 ni VPP, ya volti ya kuandikia, na bodi nyingi huiunga moja kwa moja kwenye 5 V. Pini 27 ni A14, mmojawapo wa nyaya za anwani. Kwenye 28C256, A14 imehamia pini 1, na pini 27 imekuwa WE, mlango wa kuandikia.

Iweke 28C256 kwenye soketi ya mwenzake uone matokeo. Pini 1 imefungwa 5 V, kwa hiyo chipu inatazama nusu yake ya juu tu, kuanzia 4000, wakati programu yako iko nusu ya chini. Nusu ya juu haina kitu, na baiti isiyoandikwa kwenye chipu hii husomeka FF. Pini 27 nayo inapokea A14 ya prosesa, ambayo mwanzoni iko chini. WE ikiwa chini, chipu haiko tena katika hali yake ya kawaida ya kusomwa, na huenda isitoe chochote. Ikinyamaza, nyaya za data zinaelea, na waya unaoelea mara nyingi husomeka kama 1. Nane zikisomeka 1 kwa pamoja, umepata FF ileile. Ndiyo maana kidole chako kilikuwa na nguvu: waya unaoshikiliwa na chipu haujali kuguswa, unaoelea hufuata chochote kilicho karibu.

Usiniamini kwa maneno, pima. Zima umeme, weka mita kwenye mlio. Gusa pini 1 ya soketi ya EEPROM na pini 28. Ikilia, VPP imefungwa 5 V. Kisha gusa pini 27 ya soketi hiyo na pini 4 ya Z80, ambayo ni A14. Ikilia na hapo, tumemaliza kutafuta.

Dawa haihitaji bodi mpya. Chomoa EEPROM, kunja taratibu pini 1 na 27 zitoke nje ya soketi. Unga kwa lehemu waya mwembamba kutoka pini 1 hadi pini 4 ya Z80, na mwingine kutoka pini 27 hadi pini 28 ili WE ikae juu daima. Usizikunje mara mbilimbili, chuma chake hukatika upesi. Ila kabla ya kuikunja chipu pini zake, isome upya kwenye mashine yako ya kuandikia. Staki imekuwa ikishuka kwenye anwani zote, na ilipopita 3FFF kwenda chini, WE ilikuwa wazi. Kama kinga ya kuandika haikuwashwa, huenda ukakuta 39 na 00 zimetapakaa nusu ya juu: hiyo ni 0039, anwani ya kurudia iliyokuwa ikihifadhiwa. Hata usipozikuta, andika programu upya uwe na uhakika.

Ikiwa bado iko kimya baada ya hapo, ondoa EEPROM na RAM zote mbili, kisha vuta nyaya za data, D0 hadi D7, kwenda graundi kwa rezista nane za kilo-ohm 1. Sasa prosesa itasoma 00 kila mahali, nayo ni NOP, amri ya kutofanya kitu. Itahesabu anwani moja baada ya nyingine bila kikomo. Kwa kristali yako, A15, waya wa juu kabisa wa anwani, itapanda na kushuka mara 28 hivi kwa sekunde. Taa ukiiunga kati ya A15 na graundi itawaka kwa unyonge kwa sababu katikati ya kila amri Z80 hutoa anwani ya kuhuisha kumbukumbu, na wakati huo A15 hurudi chini. Usidhani ni kasoro. Jaribio hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaipima prosesa, saa na riseti bila kutegemea programu ya mtu yeyote. Ukiwa na Z80 ya CMOS, unaweza hata kuilisha saa ya polepole kutoka chipu ya 555, ya kutoa midundo, na kufuata hesabu kwa macho. Zile za NMOS za zamani hazivumilii saa ya namna hiyo.

Mengine yaliyobaki ni ya kukagua haraka. Pima volti juu ya Z80 yenyewe, pini 11 na 29, bodi ikiwa inafanya kazi. Waya mwembamba wa chaja hupoteza volti njiani. Kila chipu iwe na kapasita yake ya nanofaradi 100 karibu na pini za umeme. Pini za Z80 za WAIT, BUSRQ, INT na NMI zisiachwe hewani, zivute juu kwa rezista. Pini ya saa ya Z80 inataka volti inayokaribia 5 kabisa, hivyo kama saa yako inatoka kwenye 74LS04, ongeza rezista ya ohm 330 kwenda 5 V.

Kwenye 68B50, angalia pini 24, yaani CTS, ya ruhusa ya kutuma. Ikiwa juu, chipu haitakubali kutuma hata herufi moja, na programu itasubiri milele. Iunge graundi kwa sasa, pamoja na DCD, pini 23. Kristali yako ikigawanywa kwa 64 inatoa biti 115200 kwa sekunde, basi terminali iwe kasi hiyohiyo, na TX ya upande mmoja iende RX ya mwingine.

Ukichora toleo la pili la bodi, weka pini tatu za kuchagua kwa jampa kwenye pini 1, na tatu nyingine kwenye pini 27. Soketi itapokea chipu zote mbili, maana 27C256 zilizochomolewa kwenye vifaa vya zamani bado zinapatikana kwa bei ndogo, na ziko zinazofanya kazi vizuri kabisa.