Jibu: Saraka kadhaa za foleni katika Sendmail

Ndugu, umeuliza kama seva yenu ya barua pepe pale Mbarara inaweza kuwa na saraka (folda) zaidi ya moja ya foleni, yaani mahali barua zinapongojea kutumwa, kwa kuwa barua zinazosubiri zimerundikana na kila jaribio la kuzituma upya linachukua muda mrefu. Inawezekana, kwani Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe, imeliruhusu jambo hilo tangu toleo la 8.10.

Unda saraka ndogo q1, q2, q3 na kuendelea ndani ya /var/spool/mqueue, zimilikiwe na root (msimamizi mkuu wa mfumo) kwa ruhusa 0700, yaani mmiliki pekee ndiye awezaye kuzifungua, kisha katika mipangilio ya Sendmail uandike QUEUE_DIR, yaani mahali foleni ilipo, kuwa /var/spool/mqueue/q*. Ile nyota ndiyo inayoiambia programu igawe barua mpya katika saraka hizo. Mojawapo inaweza pia kuwa kiungo kinachoelekeza kwenye diski nyingine, na hapo ndipo nafuu kubwa ilipo, maana kazi inayoichosha foleni ni kuandika na kufuta faili ndogondogo bila kukoma.

Nakusihi usizisahau barua za zamani. Nilipofanya badiliko hili Kampala, baada ya intaneti kukatika siku mbili, zile zilizobaki katika saraka mama hazikuguswa tena, na miongoni mwake zilikuwamo ankara za wateja, mpaka nilipoisimamisha programu, nikazihamishia /var/spool/mqueue.old na kuendesha sendmail -q -oQ/var/spool/mqueue.old.

Kwa Postfix, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, njia ni tofauti: kila nakala ya programu inayoendeshwa ina saraka kuu moja tu ya foleni, hivyo mtahitaji nakala kadhaa kupitia postmulti, amri yake ya kusimamia nakala hizo.