Wanaotamba baada ya mtihani na kufeli: je, wamepungukiwa akili?

SWALI: Ninafundisha hisabati kidato cha tatu. Kila baada ya mtihani, wapo wanafunzi wanaotoka wakitamba kwamba maswali yalikuwa mepesi, na hao hao ndio wanaoambulia alama za mwisho, ilhali binti anayeongoza darasa hutoka na wasiwasi. Je, ni upungufu wa akili au ni majivuno?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwalimu, huenda si hili wala lile. Mwaka 1999 wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapima wanafunzi kwa maswali ya mantiki na sarufi, kisha wakamwuliza kila mmoja amewazidi wenzake wangapi katika kila mia. Robo ya mwisho waliwazidi 12 tu kwa wastani, lakini walidhani wamewazidi 62. Watafiti hao walieleza kwamba ujuzi wa kufanya kazi sawasawa ndio huo huo unaohitajika kuligundua kosa: mwanafunzi asiyejua kwamba namba ikivushwa upande wa pili wa mlinganyo hubadili alama, huivusha kama ilivyo, akapata jibu linalopendeza macho, na hakuna cha kumshtua. Waliofanya vizuri zaidi, kwa upande wao, walijishusha kwa sababu walidhani kilichowawia rahisi kimewawia rahisi wenzao pia.

Tusiutie chumvi utafiti huo, kama wanavyofanya wanaosambaza mchoro wa mjinga aliyesimama kileleni mwa kujiamini. Waliofanya vibaya hawakujiweka juu ya mabingwa, na wapo wataalamu wanaosema kwamba sehemu ya pengo hilo inatokana na hesabu za takwimu tu, kwa kuwa aliye mkiani akikosea kujikadiria hukosea kwenda juu.

Lenye manufaa kwako ni kwamba wanafunzi walioshindwa maswali ya mantiki katika utafiti huo, walipofundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyatatua, walijikadiria upya kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kurudisha karatasi, mwache kila mwanafunzi aandike alama anayoitarajia, fanya maswali mawili matatu ubaoni hatua kwa hatua, halafu mruhusu abadili makadirio yake. Makadirio hayo yabaki kati yako na yeye. Yakisomwa mbele ya darasa, mtihani ujao wote wataandika alama za chini ili wasichekwe.