Maswali ya Bustani: Nyasi Zako Kabla Baridi Haijaingia

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni nyasi za bustani na namna ya kuziandaa kabla ya majira ya baridi. Baadhi ya walioandika wako kaskazini mwa ikweta, ambako kazi hii hufanywa kati ya Septemba na Novemba, na wengine wako kusini, ambako miezi yake ni Machi hadi Mei. Kwa hiyo sikupanga majibu yangu kwa tarehe. Nimehesabu kwa joto la udongo na kwa jalidi ya kwanza, yaani ile alfajiri unapofungua mlango ukakuta nyasi zimefunikwa na ukoko mweupe wa barafu. Kipimajoto kilichochomekwa udongoni kwa kina cha sentimita 5 kitakueleza mengi kuliko kalenda iliyotundikwa ukutani.

Swali: Ndugu Mhariri, mume wangu anasema nyasi zikatwe fupi sana mara moja tu kabla ya baridi, ili tusihangaike nazo tena hadi joto litakaporudi. Mimi naona kama anazichuna ngozi. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Wewe, mama, na sababu yenyewe iko ndani ya mmea. Jani la nyasi ndilo jiko ambamo mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, na katika wiki za mwisho kabla ya baridi mmea hupunguza kurefusha majani, ukaanza kuweka akiba chini, kwenye mizizi na kwenye kitako cha shina. Anayekata kila kitu hadi karibu na udongo wakati huo anabomoa jiko huku chakula cha safari kingali mekoni. Msiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, na kama mlizoea kuziacha na sentimita 3, inueni visu vya mashine hadi sentimita 4 au 5. Endeleeni kukata, kwa nafasi zinazozidi kuwa mbali, maadamu nyasi bado zinakua. Zile zilizozoea nchi za baridi hukaribia kusimama kabisa joto likishuka chini ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi.

Mzee naye ana hoja, na asinyimwe haki yake. Nyasi zikiachwa ndefu mno huinama zikalaliana, theluji ikizikandamiza zinashikana na kukaa na unyevu, na humo ndimo ukungu unamostawi. Mkato wa mwisho ufanyike siku kavu, adhuhuri ikiwezekana, umande ukiwa umekwisha kukauka.

Swali: Nimebakiwa na nusu mfuko wa mbolea niliyoitumia joto lilipoanza, na sasa nyasi zangu zimepauka kidogo. Je, niimwage yote ili ziingie kwenye baridi zikiwa na nguvu?

Jibu: Usiimwage, ndugu yangu, kabla hujasoma namba 3 zilizoandikwa juu ya mfuko. Ya kwanza ni ya naitrojeni, ya pili ya fosforasi, ya tatu ya potasiamu, na kila moja inahesabiwa kwa asilimia ya uzito. Mfuko wa kilo 10 ulioandikwa 20 mahali pa kwanza una kilo 2 za naitrojeni. Mbolea za mwanzo wa joto kwa kawaida huwa na namba kubwa pale mwanzoni, kwa kuwa kazi ya naitrojeni ni kusukuma majani yatoke kwa wingi na kwa haraka.

Hicho ndicho usichokihitaji sasa. Majani yanayosukumwa mwishoni mwa msimu huwa laini, yamejaa maji na kuta za chembe zake ni nyembamba, na jalidi ya kwanza inayapiga kabla hayajakomaa. Kibaya zaidi ni ugonjwa unaoitwa ukungu wa theluji, ambao mara nyingi husababishwa na kuvu ajulikanaye kitaalamu kama Microdochium nivale. Jina lisikudanganye, kwa sababu ugonjwa huu hauhitaji theluji. Unyevu wa siku nyingi na baridi iliyo juu kidogo ya nyuzi 0 vinatosha. Utauona kama vidoa vya mviringo vya rangi ya manjano au kahawia, ambavyo hupanuka na kuungana. Ukiinama asubuhi mapema utaona pembezoni mwake nyuzi nyeupe au za waridi kama pamba iliyolowa. Kuvu huyu anapenda mno majani laini yaliyoshibishwa naitrojeni.

Nyasi za aina ya baridi, yaani zile zilizozoea nchi za baridi, zinaweza kupewa naitrojeni ya kiasi mapema, udongo ukiwa bado na joto na majani yakiwa bado yanakua, na hilo huzisaidia kwelikweli. Kadiri jalidi inavyokaribia ndivyo namba ya kwanza inavyopaswa kuwa ndogo na ya tatu kuwa kubwa, kwani potasiamu husaidia mmea kustahimili baridi na magonjwa. Zikishaacha kukua, usiweke chochote. Mizizi haitaichukua, mvua itaiosha na kuipeleka kwenye maji ya chini ya ardhi. Funga mfuko wako vizuri, uuweke pakavu, uusubirishe hadi joto lirudi. Na utakapoitumia, usiirushe kwa mkono kama anayelisha kuku. Niliwahi kufanya hivyo, na kwa miezi miwili bustani yangu ilikuwa na mistari kama ya punda milia, kijani kibichi hapa, njano pale.

Swali: Baridi imepiga siku chache tu na ukoka wangu wote umegeuka rangi ya makuti makavu. Jirani yangu anasema umekufa, ning'oe nipande upya. Naomba ushauri kabla sijashika jembe.

Jibu: Jembe lirudi stoo. Ukoka ni mmea wa joto, hustawi vizuri zaidi hewa ikiwa kati ya nyuzi 27 na 35, na udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi hulala usingizi. Huacha majani yafe, ukajikusanya kwenye vitako vyake na kwenye vitambaazi, yaani mashina yake yanayotambaa juu na chini ya udongo. Tofauti ya kulala na kufa haionekani kwa kuutazama ukiwa umesimama dirishani. Itakubidi upige magoti. Shika fungu dogo la nyasi kavu ulivute taratibu. Likikuachia bila ubishi, na kitako chake kikiwa cha kahawia hadi ndani, kinabonyea kama tambi zilizolala, fungu hilo limekwenda. Likikataa kutoka, kwangua kitambaazi kwa ukucha. Ukikuta ndani ni peupe au kijani kidogo, tena pagumu, mmea u hai.

Ukitaka ushahidi wa kumwonyesha jirani, kata kipande cha ukubwa wa kiganja pamoja na udongo wake, ukiweke kwenye kopo lililotobolewa chini, kisha kopo ulikalishe ndani ya nyumba karibu na dirisha lenye jua, ukikinyunyizia maji kidogo. Baada ya wiki 2 au 3 vichipukizi vitakuwa vimejibu. Wakati ukoka ukiwa umelala, usiupe mbolea, na maji uupe tu iwapo wiki nyingi zimepita bila mvua wala theluji. Siwezi kukuahidi kwamba kila fungu litaamka, kwa kuwa baridi kali na ya muda mrefu huua ukoka, hasa kwenye kivuli, lakini jibu hilo utalipata joto likirudi, nawe utapanda palipobaki wazi tu.

Swali: Upande mmoja wa bustani yangu uko kwenye kivuli cha ukuta, na kila baridi inapokaribia hugeuka zulia la vigoga, vile vimea vidogo laini visivyo na maua. Nimenyunyizia dawa miaka 3 mfululizo; vinakuwa vyeusi, vinakufa, kisha vinarudi. Nimechoka.

Jibu: Dawa yako, ambayo bila shaka ni ya salfeti ya chuma, imefanya kazi yake. Tatizo ni kwamba vigoga havikuzifukuza nyasi. Nyasi zilihama zenyewe, navyo vikaingia kwenye nyumba tupu. Kwa hiyo tuulize kwa nini zilihama.

Anza na udongo. Siku moja baada ya mvua, chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini kwa mkono. Ikizama sentimita 10 bila kukutoa jasho, udongo wako unapumua. Ikigota kwenye sentimita 3, udongo umeshindiliwa, maji hayapiti na mizizi haishuki. Hapo utahitaji uma wa bustani wenye meno manne. Uchomeke wima hadi kina cha sentimita 10, utikise mpini kidogo sana mbele na nyuma, uuchomoe wima, kisha urudi nyuma sentimita 10 hadi 15 uchomeke tena. Usiinue udongo kama anayechimba viazi, maana utazikata nyasi mizizi. Ni kazi ya kuchosha, nami huigawa kwa jioni kadhaa. Baada ya hapo mwaga mchanga usio laini sana, uufagie uingie kwenye matundu. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi.

Kisha kata kwa kisu kipande chembamba cha bustani, kama unavyokata keki, ukitazame ubavuni. Kati ya majani mabichi na udongo kuna tabaka la kahawia la mashina na mizizi iliyokufa. Likiwa chini ya sentimita 1, liache, lina faida zake. Likizidi hapo linanyonya maji kama sifongo, na itakubidi ulikwangue kwa reki ya chuma. Vigoga navyo vikwanguliwe vikishakufa, wiki 2 hivi baada ya dawa. Ukivikwangua vikiwa hai unavisambaza tu. Kazi zote hizi zifanywe nyasi zikiwa bado zinakua, ili majeraha yapone. Kama jalidi imekwisha kuanza, umechelewa mwaka huu, na ni heri kusubiri.

Wengi hukimbilia chokaa. Pima kwanza pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake, kwani nyasi nyingi hupenda kati ya 6 na 7, na chokaa isiyohitajika huleta matatizo mengine. Na nikuseme ukweli: kama ukuta huo hauruhusu jua hata saa chache kwa siku, nyasi hazitakaa pale kwa mbinu yoyote. Mimi ningetandaza mawe au ningepanda mimea ya kivulini.

Swali: Je, naweza kupanda mbegu sasa kwenye viraka vilivyo wazi? Na majani ya miti yanayoanguka, niyaache yaoze yawe mbolea?

Jibu: Kwa mbegu, pima udongo: ukiwa chini ya nyuzi 10, subiri. Ukiwa juu ya hapo, na jalidi kali ikiwa mbali kwa wiki 6 hivi, panda nyasi za aina ya baridi. Mbegu za raigrasi huota kwa siku 5 hadi 10 udongo ukiwa na joto la kutosha, ilhali aina nyingine huchukua wiki 2 hadi 4, na mche mchanga usio na mizizi hung'olewa na udongo unaoganda na kuyeyuka. Ukoka usiupande kabisa majira haya.

Majani machache yapitie kwa mashine ya kukatia nyasi yakiwa makavu, yasagike na kupotelea humo. Yakiwa mengi kiasi cha kuzificha nyasi, yaondoe na uyapeleke kwenye mboji, kwa kuwa nyasi zilizofunikwa na majani yaliyolowa huwa njano ndani ya siku chache.

Swali: Watoto wangu hukatiza kwenye nyasi kila asubuhi wakienda kusubiri basi la shule. Mwaka jana nyayo zao zilibaki nyeusi, kisha zikawa rangi ya majani makavu. Je, ni ugonjwa?

Jibu: Si ugonjwa. Nyasi zikiwa na jalidi, maji yaliyo katika majani yameganda, na mguu ukizikanyaga barafu hiyo hupasua chembe za jani. Ikiyeyuka, jani linanyauka, likawa jeusi, kisha likakauka. Kitako kwa kawaida hubaki hai, hivyo nyayo zitafutika nyasi zitakapoanza kukua tena. Usijaribu kuyeyusha barafu kwa maji ya moto, na kwenye njia ya saruji iliyo kando usimwage chumvi, kwa sababu chumvi inayochuruzika huunguza nyasi za pembezoni. Mchanga unatosha kuzuia utelezi.

Watoto hawatazunguka hata ukiwawekea kamba, sote tumekuwa watoto. Fuata njia wanayoipenda wenyewe, upange mawe bapa kwa kipimo cha hatua zao, na kila jiwe ulizamishe hadi liwe sawa na udongo, ili mashine ya kukatia ipite juu yake bila kugonga kisu.