Sanaa ya msimbo kwenye NFT: mgeni huanza na mchoro wako dhaifu

Anayeuza sanaa zalishi, yaani michoro inayotengenezwa na programu ya kompyuta, kwa NFT (hati ya umiliki ya kidijitali) hauzi picha aliyoichagua, anauza msimbo. Mnunuzi akishalipa, blokicheni, daftari la pamoja la mtandaoni linalotunza hati hizo, humpa hashi, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Msimbo unaisoma hashi hiyo na mchoro unazaliwa hapo hapo. Wenyewe wanakiita kitendo hiki kuminti. Msanii anauona mchoro pamoja na mnunuzi, au anaukuta asubuhi akiamka. Jukwaa la Art Blocks la Erick Calderon, lililofunguliwa Novemba 2020 kwenye blokicheni ya Ethereum, ndilo lililoupa mtindo huu nguvu. Mwaka mmoja baadaye ikaja fxhash kwenye Tezos, blokicheni nyingine, ambako hakukuwa na kamati ya kuchuja: mwenye faili la zipu linalofanya kazi alilipandisha mwenyewe.

Kina Vera Molnár na Frieder Nake, waliochora kwa kompyuta tangu miaka ya 1960, waliweza kuchapa karatasi nyingi na kutundika zile zilizowaridhisha. Wewe huna nafasi hiyo. Mradi, yaani msimbo mmoja, unaweza kuzaa matoleo (michoro) 100, 500 au 1,000, na yote yanatoka hadharani. Sokoni ukurasa wa mradi hutazamwa zaidi kuanzia bei ya chini, na bei ya chini hukaliwa na matoleo ambayo wenye nayo wameyachoka. Kwa hiyo mgeni anayekufungua kwa mara ya kwanza hakutani na kazi yako bora, anakutana na ile iliyokuponyoka. Hapo ndipo unapompata au kumpoteza, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri huu ni ya msimbo kuliko ya matangazo.

Watu hupenda kutaja Ringers ya Dmitri Cherniak, matoleo 1,000 ya Januari 2021, kila moja likiwa uzi uliozungushwa kwenye vigingi. Namba 879 ilitoka na umbo la bata bukini, umbo ambalo hakuna aliyelipanga kwenye msimbo, na Juni 2023 ikauzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa takriban dola milioni 6.2. Bahati ipo, sikatai. Lakini bukini yule alionekana kwa sababu mamia ya matoleo mengine yalikuwa mazuri kiasi cha watu kuyapitia moja moja.

Hashi moja, mchoro mmoja

Hashi ile ile lazima itoe mchoro ule ule leo na baada ya miaka kumi, kwenye simu na kwenye kompyuta. Math.random ya JavaScript haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa haipokei mbegu, yaani namba ya kuanzia. Tumia kizalishi cha namba nasibu kinachopandwa mbegu kutoka kwenye hashi. sfc32, kinachoanza na namba nne za biti 32, ni kifupi na kinatosha kabisa. fxhash inakupa chake tayari, $fx.rand(), Art Blocks inakupa hashi tu, unajitengenezea. Wanaotumia p5.js, maktaba ya JavaScript ya kuchorea, waite randomSeed na noiseSeed, zote mbili. Wengi huita ya kwanza pekee, halafu wanashangaa mawimbi ya noise (nasibu laini ya p5.js) yanabadilika kila ukurasa ukifunguliwa upya.

Tenganisha vizalishi: kimoja cha rangi, kimoja cha mpangilio, kimoja cha sifa zinazoandikwa kwenye tokeni (NFT yenyewe), vyote vikipandwa kutoka kwenye hashi hiyo moja. Ukiwa na kimoja tu, siku utakayoongeza rangi moja kila kinachofuata kitasogea, na michoro uliyokwisha kuikagua itageuka mipya.

Kosa linaloharibu miradi mingi kuliko yote ni ukubwa wa kioo. Usiandike mstari wenye unene wa pikseli 3. Andika unene wa 0.003 ya upana wa mchoro, kisha zidisha kwa upana halisi. Na usiite namba nasibu kwa kila pikseli, kwa sababu idadi ya pikseli inabadilika kati ya simu na kompyuta: namba zitaisha kuchukuliwa mahali tofauti, na mchoro utakuwa mwingine kabisa. Ukitaka chembechembe za karatasi, weka idadi maalumu, tuseme chembe 200,000, bila kujali kioo. Dirisha likibadilishwa ukubwa, panda mbegu upya kabla ya kuchora tena, la sivyo kizalishi kinaendelea kilipoachia.

Simu za iPhone zina mpaka wake. Kwa miaka mingi Safari ya iOS imekuwa ikikataa kanvasi (eneo la kuchorea kwenye ukurasa) inayozidi pikseli 16,777,216, yaani 4096 kwa 4096. Kanvasi ya 1500 kwa 1500 kwenye simu yenye msongamano wa pikseli wa 3 inakuwa 4500 kwa 4500, pikseli milioni 20.25, na mtazamaji anaona weupe mtupu. Weka kikomo cha msongamano kuwa 2.

Wanaochora kwa WebGL, njia ya kivinjari ya kutumia kadi ya michoro, wana mtego wao. Ile fomula maarufu ya nasibu, sini ya namba ikizidishwa na 43758.5453, inatoa majibu tofauti kati ya kadi moja ya michoro na nyingine, na simu ndizo hutofautiana zaidi. Tumia WebGL2 na ukokotoe nasibu kwa namba kamili.

Kuna na vitanzi visivyoisha. Msimbo wa kupanga duara bila kugongana, unaoambiwa urudie hadi duara 400 zipate nafasi, utakwama siku mbegu itakapoleta duara kubwa mwanzoni. Kivinjari kinaganda, na mnunuzi ameshalipa. Weka ukomo wa majaribio, kama 5,000, kisha msimbo uendelee na duara ulizopata.

Picha ndogo inayoonekana sokoni hupigwa na seva inayofungua ukurasa wako bila mtu. Ukiiambia ipige mapema, itachukua mchoro nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayosambazwa. Kwenye fxhash ishara ya kupiga ni $fx.preview(), iite baada ya mstari wa mwisho kuchorwa. Kumbuka pia kwamba seva huenda haina kadi ya michoro: kazi inayokuchukua sekunde 4 inaweza kuichukua dakika nzima, na muda wa kusubiri una mwisho.

Usivute maktaba wala fonti kutoka tovuti ya nje. Weka p5.min.js ndani ya zipu. Hic et Nunc, soko la Tezos lililoanza Machi 2021, lilizimwa na mwanzilishi wake Novemba mwaka huo huo. Tokeni hazikupotea, kwa sababu mkataba, yaani programu inayoendesha tokeni, ulikuwa kwenye blokicheni na faili zilikuwa kwenye IPFS, mtandao wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta nyingi, na jamii ikaendelea chini ya jina la Teia. Ila IPFS nayo hutunza faili pale tu mtu anapoendelea kulishikilia, kwa hiyo shikilia zako mwenyewe, usiliachie soko. Wanaotaka usalama zaidi huandika msimbo mfupi usiohitaji maktaba na kuuweka wote kwenye blokicheni, kama mradi wa Autoglyphs wa Larva Labs wa mwaka 2019, wenye michoro 512. Kwenye Ethereum mkataba mmoja hauzidi baiti 24,576, kwa hiyo msimbo mrefu hukatwa vipande.

Kagua elfu moja

Andika programu ndogo ya Puppeteer, zana ya kuendesha kivinjari bila mtu, inayofungua ukurasa wako kwa hashi 1,000 na kuhifadhi picha ya kila moja. Zipange mia mia kwenye karatasi moja, kumi kwa kumi, uzitazame kwa mbali. Kwanza zikionekana zote ni ndugu mno, huna mfumo bali una picha moja inayotikisika. Zikionekana hazijuani, umeunganisha miradi mitatu. Kisha toa mbaya pembeni na uchapishe vigezo vyake: mara nyingi utakuta ni mgongano wa vitu viwili, kwa mfano rangi hafifu pamoja na mistari myembamba. Zuia mgongano huo, usipunguze masafa ya vigezo vyote.

Hesabu ni rahisi. Mchoro mbovu mmoja katika 50, kwenye mradi wa matoleo 256, ni wanunuzi watano hivi wenye kinyongo. Upande wa pili, sifa adimu ya asilimia 1 kwenye mradi wa matoleo 100 ina uwezekano wa takriban asilimia 37 wa kutotokea kabisa. Ukiitangaza kabla ya mauzo, unaweza kujikuta umeahidi kitu ambacho hakipo. Na uadimu si uzuri: sifa isiyoonekana kwa macho, inayosomeka kwenye orodha tu, huwavuta wachuuzi wa wiki moja.

Mwenye asili ya pwani ana hazina ambayo wengi hawajaigusa kwa dhati. Khanga ina pindo, mji na jina, kila kimoja na mahali pake. Ukili wa mkeka unasukwa kwa kuhesabu miyaa. Hizo ni kanuni, na kanuni ndiyo malighafi ya sanaa hii. Kuskani kitambaa na kukibandika kwenye kanvasi hakuleti chochote. Andika kanuni ya msukaji, kisha uone inafika wapi ukiisukuma kupita pale mkono unapochoka.

Idadi, bei, na watu

Mradi wa kwanza usizidi matoleo 64. Mradi wa 32 uliokwisha una sura nzuri kuliko wa 500 uliokwama kwenye 90, maana kila anayefungua anaiona ile 90/500. Ukikwama, choma (futa kabisa) yaliyobaki, soko likiruhusu, badala ya kungoja miezi. Bure pia si dawa: mauzo ya bure huvamiwa na roboti zinazobeba kila kitu na kukiuza saa hiyo hiyo. Weka bei ndogo, na tenga nafasi chache kwa pochi (akaunti za sarafu na NFT) za watu wanaokufuatilia.

Mnada wa bei ya kushuka, kwa mfano tez 12 (sarafu ya Tezos), kisha 8, 5 na 3 kila baada ya dakika kumi, unawafaa wenye wanunuzi wengi kuliko matoleo. Kwa msanii mgeni unageuka kusubiri: kila mtu anangoja 3, na waliowahi kulipa 12 wanajiona wajinga. Bei moja tu inatosha mwanzoni. Gharama ndiyo sababu ya kuanzia Tezos. Mwaka 2021 ada ya mtandao wa Ethereum ingeweza kuzidi bei ya mchoro wenyewe. Hoja ya umeme mwingi unaoliwa na mtandao, iliyowafukuza wasanii wengi Ethereum wakati ule, ilipungua sana baada ya Septemba 2022 ilipobadili mfumo wake.

Wasikilizaji wa kwanza wa sanaa hii ni wasanii wenzako, na wengi wao ndio wanunuzi pia. Wanapatikana X na Discord, na mlango rahisi ni Genuary, zoezi la wasanii wa msimbo: kila Januari, mada moja kwa siku kwa siku 31. Huhitaji kuzimaliza. Onyesha mchakato: video ya sekunde 15 ya mchoro ukijijenga, jaribio lililoshindikana na sababu yake, kipande kifupi cha msimbo. Eleza algoriti kwa maneno ya mtu asiyeandika msimbo. Mradi ukiuzwa, mtaje mnunuzi na namba ya toleo lake, useme unachokiona ndani yake. Watu hukumbuka hilo kuliko punguzo lolote. Na nunua kazi za wengine. Kutumia sehemu ya kumi ya mapato kununua za wenzako ni kipimo kizuri. Viungo vya kuuza bila maneno mengine, kila siku, hufanya watu wakunyamazishe kimya kimya.

Yeyote anayekutumia faili la "ushirikiano" au kiungo cha "uthibitisho" cha pochi ni tapeli hadi athibitike vingine. Maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi yaandikwe kwenye karatasi. Kuyapiga picha kwa simu ni kuyagawa. Pochi ya kuminti vitu vya watu isiwe ile inayoshika mikataba na mapato yako.

Mrabaha, yaani fungu la msanii kazi inapouzwa tena, usiuwekee bajeti. Mwaka 2023 soko la OpenSea lilitangaza kuacha kuulazimisha, na kuulipa kukabaki hiari. Pesa ya uhakika ni ile ya mauzo ya kwanza. Ukibadilisha tez kwa mtu binafsi ili upate pesa ya simu, usiachie sarafu kwa kuona ujumbe tu, kwani ujumbe hughushiwa. Angalia salio lenyewe, na jina la mtumaji lilingane na la akaunti unayouziana nayo.

Kodi nayo ipo. Tanzania ilileta zuio la asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali kwa Sheria ya Fedha ya 2024. Kenya ilianzisha ya kwake ya asilimia 3 Septemba 2023, kisha mwaka 2025 ikaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Kodi ya mapato ya kawaida haikuondoka kokote. Fungua jedwali siku ya mauzo ya kwanza: tarehe, namba ya toleo, kiasi cha tez, thamani yake kwa shilingi siku hiyo, ada iliyokatwa. Bei ya tez hupanda na kushuka, na kuitafuta ya siku ile baada ya mwaka ni kazi ya kuumiza kichwa.