Pembetatu mbili, pointi ya tatu imeangukia upande wa pili

Swali (mwanafunzi wa Fomu Tuu, Nyakato): Shikamoo ticha. Nina ABC yenye A(1,1), B(5,1), C(1,4) na DEF yenye D(7,2), E(7,6), F(10,2). Nimehamisha, nikazungusha, A imekaa juu ya D na B juu ya E, ila C imeangukia (4,2) wakati F iko (10,2). Ina maana hazilingani, yaani moja haiwezi kuifunika nyingine kabisa?

Jibu: Marahaba. Zinalingana kabisa, na hujakosea popote, umeishia njiani tu. Ulisogeza 6 kulia na 1 juu, A ikatua D, B ikaenda (11,2), ukashikilia hapo D ukazungusha digrii 90 kinyume cha saa, B ikapanda mpaka (7,6) ambayo ndo E, safi. Sasa angalia, C yako iko hatua 3 kushoto kwa D, F iko hatua 3 kulia, na mstari DE uko katikati kama kioo. Akisi kwenye huo mstari, x = 7, (4,2) inakuwa (10,2). D na E hazitikisiki maana ziko juu ya kioo chenyewe.

Kama bado inakuchanganya kata pembetatu ABC kwenye boksi la sabuni, paka peni upande mmoja, af jaribu kuifunika DEF bila kuipindua. Utazungusha mpaka ziwa likauke, haikai. Ipindue, inakaa hapo hapo.

Na hili ungelijua hata kabla ya kushika rula: A, B, C ukizifuata kwa mpangilio zinaenda kinyume cha saa, D, E, F zinafuata saa. Zikitofautiana hivyo lazima uakisi.

Kwenye mtihani usiandike tu "imekaa", mimi huwa nakata maksi hapo, macho yanadanganya. Sema kwa nini: AB na DE zote ni 4 ndo maana B haikupitiliza wala kuishia kabla ya E, pembe ya A na ya D zote ni 90 kwa hiyo baada ya kuakisi upande AC unalala juu ya DF, na zote mbili ni 3 basi C haina pa kwenda zaidi ya F. Ile kanuni ya upande-pembe-upande mliyokaririshwa (pande mbili na pembe iliyo kati yake zikiwa sawa, pembetatu zinalingana) inatoka humu humu.

Ila usije ukachomeka kukuza humo, kule urefu unabadilika zinabaki pembe tu, hapo utakuwa umeingia kwenye mfanano, umbo lile lile ila ukubwa tofauti, mada nyingine hiyo.